Kimya cha Juu ya Mti

"Kipanga, mvua inanyesha saa tatu kamili."

"Nimekupata, Mkuu."

"Mwavuli unao?"

"Upo mkononi."

Simu ya setilaiti, Thuraya, ikazimika. Saa mbili na nusu asubuhi.

Mwavuli wenyewe ulikuwa bunduki ya Remington yenye darubini, mdomo wake ukichungulia nje kwenye upenyo wa ukuta. Kipanga alilala kifudifudi kwenye sakafu ya mbao, mita kumi na mbili juu ya ardhi, ndani ya nyumba iliyojengwa kwenye matawi ya mti. Pande zote pori tupu. Chini bondeni ulikuwepo uwanja mdogo wa ndege uliotelekezwa miaka mingi.

Leo ulikuwa umefyekwa.

Aliyeufyeka alimjua. Hapo ndipo nafsi ilipokuwa ikimsuta.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mmoja fundi seremala. Aliijenga kwa mikono yake, kuanzia ngazi ya kamba hadi kitanda cha fito. Kwa siku tatu alimhifadhi Kipanga akimdhania mpiga picha wa ndege wa porini. Jana mchana alimpandishia chai, akaketi kizingitini miguu ikining'inia.

"Mdogo wangu naye kapata kazi, jamani! Kakaa bure muda mrefu, mpaka nikawa namwonea huruma. Kuna watafiti wanatua kesho na mizigo, yeye ndiye kawafyekea uwanja, na ndiye dereva wao."

"Hongera, mama."

Akameza chai. Na neno akalimeza.

Watafiti gani? Walikuwa walanguzi wa silaha, na mizigo ilikuwa makombora manne ya kufyatulia begani. Kombora moja linatosha kuangusha ndege ya abiria. Angeweza kumwambia yule mama: mdogo wako kesho asitoke nyumbani. Basi. Lakini dereva asipoonekana, walanguzi wangenusa hatari na kwenda kutua kwingine.



Saa tatu kasoro dakika mbili, ndege ndogo nyeupe aina ya Cessna ikagusa ardhi.

Kwenye darubini alimwona dereva amesimama kando ya Land Cruiser. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, kola imesimama. Siku ya kwanza kazini.

Wanaume wawili wakashuka. Masanduku manne ya kijani yakafuata.

"Mzigo nimeuona," Kipanga alinong'ona kwenye redio.

"Shusha mvua."

Paa!

Gurudumu la Cessna likapasuka. Helikopta ya kikosi cha Kipanga ikachomoza nyuma ya kilima. Mlanguzi mmoja akainua mikono. Mwenzake, pandikizi la mtu, akamkaba dereva shingo na kumwekea bastola kisogoni.

Mita mia tatu. Upepo kidogo kutoka kushoto.

Dereva alikuwa akilia kama mtoto.

Kipanga akazuia pumzi. Paa!

Pandikizi likaanguka. Lakini bastola yake nayo ililia wakati linakwenda chini, na dereva akaanguka ameshika goti.

Kipanga alipofika uwanjani, fundi seremala, aliyeisikia milio, alikuwa ameshafika. Alikuwa amempakata mdogo wake, maranda ya mbao yamemjaa kwenye nywele, tabibu wa kikosi akifunga goti. Alimtazama Kipanga, akaitazama bunduki.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Jana, nilipokuletea chai?"

"Hata jana, mama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Redio ikakoroma. "Kazi safi, Kipanga. Dereva naye ni mwenzao?"

"Hapana. Andika kwenye ripoti kwamba alikuwa mtu wetu."

"Alikuwa mtu wetu?"

"Andika, Mkuu. Atibiwe kama mtu wetu."

"Haya. Nimeandika."

Mama akamfuta mdogo wake jasho kwa ncha ya khanga.

"Hilo umelifanya kwa ajili yake," aliuliza taratibu, "au upate usingizi?"

Kipanga alikuwa amefundishwa kudanganya kwa lugha tano, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

"Sijui, mama."

"Basi nenda. Kitanda changu nitampa mtu mwingine."

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatundika bunduki begani na kuielekea helikopta. Hakuharakisha. Askari vijana walipiga saluti, wakanong'onezana kwamba jamaa yule ana moyo wa barafu.

Nyuma ya vioo vyeusi, hakuna aliyeyaona macho yake.