Tambara Jekundu la Ghorofa ya Nne

Nabwire alikuwa na vidole vyepesi kuliko mwizi wa sokoni, lakini hakuiba kitu. Kazi ya vidole vile ilikuwa kuzima koroboi. Nyumba yao ya Kaloleni haikuwa na umeme. Jioni, sufuria ikishafika mezani na kila mtu ameiona sahani yake, vidole viwili vilikuwa vimeshabana utambi. Giza.

"Mama Selpher," mumewe Dishon alisema jioni moja, "nimekuoa miaka kumi na mitano. Nyama ya nyumba hii bado sijaiona kwa macho."

"Mdomo unaijua njia, baba Selpher. Hauhitaji taa."

"Mdomo sina shaka nao. Ninayoitilia shaka ni nyama."

Dishon alikuwa fundi wa mabehewa kule reli. Nabwire alikuwa mfagiaji katika jengo moja la chuo kikuu, jengo la ghorofa nne. Ghorofa ya nne ilikuwa yake. Na mwanamke huyu wa kubana utambi, akifika kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi alianza kwa kuwasha taa zote. Madarasa kumi, korido, vyoo, hata stoo ya mifagio. Hakuacha swichi.

Hakuwa na wazimu. Ndivyo walivyofanya wafagiaji wote. Nyapara wao, Mzee Njogu, alikuwa na magoti mabovu, na ngazi zilikuwa adui yake. Basi alisimama uani na kikombe chake cha chai, akainua kichwa, akatazama. Ghorofa inayowaka, mfagiaji yupo. Ghorofa yenye giza, hayupo. Akaandika kwenye daftari. Kwa hiyo kila mtu aliwasha ili aonekane.

Na nani alizima? Mfagiaji alidhani mwalimu atazima. Mwalimu alidhani mfagiaji atazima. Wanafunzi hawakudhani chochote. Jua lilipanda, likajaa madarasani, na taa zikaendelea kuwaka kana kwamba zinashindana nalo.

Ijumaa moja Mzee Njogu aliwaita wafagiaji stoo. Mkononi alishika barua ya ofisi.

"Jengo letu linakula umeme kuliko majengo yote," alisema bila kuwatazama. "Tumepewa mwezi mmoja. Mita isipopungua, ghorofa ya nne itafungwa. Wanafunzi watasoma kwingine."

"Na mfagiaji wake?" Nabwire aliuliza.

Mzee Njogu aliikunja barua. Akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. "Mama, barua hii sikuiandika mimi."

Usiku ule Nabwire hakula. Selpher alikuwa darasa la saba, na kazi ile ndiyo iliyomvalisha sare ya shule.

Jumapili alasiri, jirani yao Ndambuki alikuja kucheza drafti na Dishon, kama kawaida. Ndambuki alikuwa fundi wa umeme pale pale chuoni. Fundi wa umeme anayelala kwa koroboi. Watu wa mstari ule wa nyumba hawakuchoka kumcheka.

"Fundi," Nabwire alisema akimmiminia chai, "hebu niambie. Umeme unaliwaje, na mimi sijawahi kuuona mdomo wake?"

Ndambuki aliinua macho kwenye drafti. "Mama Selpher, hapa unazima koroboi kabla sijajua kingi yangu imesimama wapi. Kule chuoni unawasha taa ngapi?"

Nabwire alihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. "Zile si zangu. Zile ni za serikali."

"Haya. Na kazi ni ya nani?"

Fundi alikuwa bado amemkazia macho Nabwire. Dishon akatumia nafasi hiyo kula kete mbili za fundi.

Jumatatu saa mbili asubuhi, Ndambuki alimpeleka chini ya ngazi, kwenye sanduku la ukutani. Ndani yake mlikuwa na mita. Nyuma ya kioo, kisahani cha bati kilizunguka mbio.

"Kikienda mbio, tunakula umeme mwingi," alisema. "Kikijivuta, tunakula kidogo. Huyu hadanganyi, na hana ndugu ofisini. Sasa panda, ukazime kila taa isiyo na mtu, na kila ambayo jua limeshaifanyia kazi."

Nabwire alipanda, akazima, akashuka akihema. Kisahani kilikuwa kimepunguza mwendo, lakini kidogo.

"Ni hivyo tu?" alisema. "Nimemaliza miguu yangu bure."

"Si bure. Ila yuko mlaji mkubwa zaidi. Njoo."

Walikwenda stoo ya ghorofa ya kwanza. Ndani ya ndoo ya maji mlikuwa na koili, ule waya uliojipinda wa kuchemshia maji. Maji yalikuwa yakitokota hata yanaruka. Mwenye ndoo, Wakiuru, alikuwa dirishani akimweleza mtu wa nje habari za harusi ya Jumamosi. Kila ghorofa ilikuwa na koili yake na ndoo yake, kwa ajili ya kupiga deki.

Ndambuki alikwenda stoo zote nne akichomoa plagi. Waliporudi kwenye mita, kisahani kilikuwa kinajikokota kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda.

"Umeona? Taa ni panya. Kitu cha kupasha moto ni ng'ombe. Unawafukuza panya, na ng'ombe yuko shambani anakula mahindi."

"Fundi, maji ya asubuhi yanauma mikono," Wakiuru alilalamika.

"Pasheni ndoo moja, mgawane nyote. Yakianza kutoa moshi, chomoa. Sakafu haijui tofauti ya maji yaliyochemka na yale ya vuguvugu. Na kwanza uchomoe plagi, ndipo utie mkono. Koili ikiwa na umeme, yale maji yanaweza kukuua."

Wakiuru aliutazama mkono wake, akauficha nyuma.

Siku hiyo hiyo Ndambuki alibadilisha mpira wa bomba la maji moto lililokuwa likidondoka chooni. "Kila tone linaloanguka," alisema, "tangi linapasha jingine."

Jumanne Nabwire aliwasha taa ya darasa moja tu, lile alilokuwa akilifagia. Akimaliza, anazima, anaingia la pili. Kulipokucha, alifungua mapazia na hakuwasha tena. Alijisifu kimoyomoyo. Aliposhuka, akakuta daftari limeandikwa: Nabwire, hayupo.

"Mzee, nilikuwepo."

"Ghorofa yako ilikuwa giza."

"Nilikuwa madarasa ya nyuma. Taa za huko hazionekani uani. Panda ukaone sakafu inavyong'aa."

Mzee Njogu aliitazama ngazi, kisha magoti yake. "Ukiandikwa hivi mara tatu, mama, hata mwezi hutaufikisha. Washa, nikuone."

Nabwire alisimama na ndoo yake. Akiwasha, ghorofa inafungwa. Asipowasha, anafukuzwa. Alikamua tambara lake la deki, sweta kuukuu jekundu la soko la mitumba la Gikomba, akafikiri. Kisha akacheka peke yake.

"Mzee, kesho usitafute taa. Tafuta sweta."

Asubuhi iliyofuata Mzee Njogu aliinua kichwa. Ghorofa ya nne ilikuwa giza, lakini kwenye dirisha la korido lilining'inia tambara jekundu, linadondosha maji. Akalitazama muda mrefu. Hata taa haikuwahi kumwambia kwamba mtu ameshaanza kupiga deki. Akaandika: yupo.

Kufikia Ijumaa kila ghorofa ilikuwa na tambara lake. Wakiuru alitundika la maua. Ofisi ikapiga simu kuuliza kama chuo kimehamia Gikomba.

"Subirini mita," Mzee Njogu alijibu.

Mwezi ulipoisha, Ndambuki alisoma mita mbele ya mtu wa ofisi. Umeme wa mwezi ule ulikuwa theluthi mbili tu ya ule wa mwezi uliotangulia. Mtu wa ofisi alimwomba asome tena. Akasoma. Ghorofa ya nne haikufungwa. Mzee Njogu akaitoa ile barua mfukoni, ingali ndogo kama stempu, akaitia chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukicheza.

Jioni Nabwire alipika kwa furaha. Alipoweka sufuria mezani, vidole vikaenda kwenye utambi. Dishon akamshika mkono.

"Mama Selpher, fundi alisema nini? Taa izimwe pasipo na mtu. Hapa sisi tupo. Na Selpher ana kitabu chake."

Nabwire alifikiri. Ilikuwa haki. Akaiacha iwake.

Dishon alijisogeza, akafunua sufuria, akainama. Akakoroga mchuzi mara moja, akitafuta nyama. Akakoroga mara ya pili, polepole.

"Selpher," alisema, "sogea na kitabu chako huku kwenye mwanga, mama. Mimi hapa sina cha kuona."