Handaki la Doña Basilia

Siku ya tatu ya maonyesho wageni wakaanza kulalamikia harufu.

"Dada, mmechoma nini humo ndani?" mmoja alimuuliza Nilda huku akikohoa.

"Hiyo ni miwani ya kompyuta tu, kaka. Miwani haitoi moshi."

Lakini baruti ilinuka kweli, kwenye ukumbi wa makumbusho wenye madirisha wazi na jua la mji wa Potosí. Kila aliyevaa miwani ile alijikuta katikati ya handaki la zamani la wachimba fedha. Nilda ndiye aliyelipiga picha jiwe kwa jiwe kabla halijaporomoka lote. Siku hiyo alikuwa na haraka. Alipita mbele ya sanamu ya Tío, pepo mwenye mgodi, bila kumpa sadaka hata ya jani la koka.

Alasiri akaja mama yake, Doña Basilia. Mumewe alifukiwa humo Nilda akiwa mchanga, na maiti haikupatikana.

"Nivalishe, mwanangu. Nipaone."

Akavalishwa, akatulia. Kisha akanong'ona, "Huyu aliyeketi hapa ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Nilipiga picha mawe matupu."

"Mbona ananiita jina langu?"

Nilda akamvua upesi. Macho ya mama yalielekea dirishani, juani, wala hayakupepesa.

"Kwa nini umezima taa? Nitoe, Nilda! Maji yanafika magotini!"

Sketi yake ilikuwa inachuruzika maji mekundu.

Akaitwa mganga, Don Saturnino. Alimwaga pombe sakafuni, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Umeingia kwa Tío bila hodi. Mimi hanitaki. Ingia wewe, umwombe."

Nilda akajaza koka kiganjani, akavaa miwani, na giza likamfunika, akatembea akipapasa ukuta uliolowa, akisikia nyuma yake mawe yakianguka moja moja na mbele yake mtu akipumua, hata akapiga magoti, akamwaga majani yote, akalia, "Nimekosa, Tío, niachie mama yangu," mpaka mkono mdogo wenye sugu ukamshika mkono wa kulia, naye akauvuta kwa nguvu zake zote.

Akaivua miwani. Mama yake alikuwa sakafuni, analia, anampapasa uso, anamwona.

"Tumetoka, mwanangu! Tumetoka!"

Nilda akataka kumkumbatia. Mkono wa kulia ukainuka. Wa kushoto haukuja: palikuwa na mtu aliyeushika bado, kiganja kipana cha mwanamume, naye alikuwa akiuvuta taratibu, kwa upole, kama baba anayemwongoza mtoto nyumbani.