Kiganja Kwenye Boneti

Jumamosi ile Wangeci alikuwa ameinamia beseni uani, akifua sare za shule za binti yake Becky, aliposikia honi langoni kwa jirani. Akainua kichwa juu ya ua wa michongoma. Aliona gari. Ka-SUV kadogo ka rangi ya fedha, kametumika huko Japan lakini kanang'aa utadhani kametoka kiwandani asubuhi hiyo. Mlango ukafunguka, akashuka Nekoye.

Nekoye yule yule! Mwanamke aliyehamia Kiamunyi na godoro moja na mtoto mgongoni, aliyekuwa akija kwa Wangeci jioni kuomba chumvi, kuomba makaa, kuomba hata kibiriti. Majirani walimwita Mama Dalmas, kwa jina la mwanawe. Leo Mama Dalmas ameshika funguo za gari.

"Mama Becky!" Nekoye akaita. "Wacha hizo nguo, njoo uone vile Mungu ametenda!"

"Nakuja, mami. Hongera sana!"

Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, lakini roho ndiyo iliyomuuma zaidi. Jamani, wivu ni kitu kibaya. Wangeci ndiye aliyeanza kuota gari pale mtaani. Ndiye aliyekaa na Nekoye mlangoni, miaka hiyo ya chumvi na makaa, akamwambia akipata gari litakuwa dogo lililoinuka juu, la rangi ya fedha. Na sasa lile pale, katika uwanja usio wake. Hata mumewe, Muiruri, alikuwa ameshapiga magoti akichungulia chini ya gari.

"Mama Dalmas, umetuweza!" Muiruri alisema akijipangusa vumbi. Kisha akamgeukia mkewe, bila kuulizwa na mtu. "Huyu mwanamke anajituma, ama namna gani?"

Wangeci aligeuka. Alirudi kwa beseni lake na kufua mpaka sare ikapasuka kwapani.

Sasa, pale mtaani gari jipya haliendi mbali kabla ya kuombewa. Jumapili baada ya ibada, Pastor Peterson alifika na chupa yake ya mafuta, majirani wakajaa uwanjani kwa Nekoye, kila mmoja akaweka mkono juu ya boneti iliyopakwa mafuta hayo. Na maombi ya kwao si ya mtu mmoja. Pastor akisema tuombe, wote huomba kwa wakati mmoja, kila mtu lake, kwa sauti. Katika kelele hiyo unaweza kusema lolote na aliye ubavuni mwako asilisikie.

Wangeci aliweka kiganja cha kulia kwenye kona ya boneti, juu kidogo ya taa. Alifumba macho kama wenzake. Akasogeza midomo.

"Usimfikishe popote," akaliambia gari. "Usimfikishe popote kabisa."

"Na watu wa Mungu waseme?" Pastor Peterson alinguruma.

"Amina!" wakajibu wote. Waliliitikia neno la Wangeci pia, na hawakujua.

Wangeci alifumbua macho haraka. Gari lilikuwa limelala pale tangu jana, na bati lilikuwa baridi alipoligusa. Lakini sasa, chini ya kiganja chake, palikuwa na joto. Jioni Nekoye alipofuta yale mafuta kwa kitambaa, alama zote za mikono zilitoka isipokuwa moja.

"Huu ni mkono wa nani umekataa kutoka?" akauliza akicheka. Wangeci aliingia kwake akafunga mlango.

Wiki haikuisha kabla ya gari kuanza kulia. Kila lilipopanda matuta, huku mbele lilifanya kong, kong. Wangeci alilisikia akiwa jikoni, akamenya viazi kwa raha ambayo hakuwa nayo tangu Jumamosi ile. Nekoye alilipeleka mtaa wa Rhonda, kwa fundi anayeitwa Odongo.

"Ni bushi, mathe, zile raba za miguu ya mbele," Odongo akamwambia. "Hizi gari ndogo zimeinuka ziko na hiyo ugonjwa. Barabara zetu zinazimaliza."

Akabadilisha bushi. Jioni hiyo hiyo Wangeci alichuchumaa kuwasha jiko, na magoti yake yakalia. Kong. Kong. Alisema ni baridi.

Kisha gia ikaanza kusita. Ukikanyaga mafuta, gari linawaza kwanza, linaruka, ndipo linakwenda. Odongo akabadilisha oili ya gia, akasema hata hilo ni la kawaida kwa gari la mtumba. Lakini Wangeci naye akawa akiinuka kitini, miguu inakataa, halafu inaruka ghafla kama ya mtu aliyesukumwa. Ikafuata taa ya kulia, ile iliyo chini ya alama ya kiganja. Iliingia ukungu ndani ya kioo, na hakuna aliyejua maji yamepitia wapi. Asubuhi iliyofuata Wangeci alijitazama kwenye kioo. Jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu.

Mwingine angeogopa. Wangeci aliogopa, ndiyo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko hofu. Kila alipomwona Nekoye akirudi kutoka Rhonda na uso wa kuchoka, alihisi ameshiba.

Halafu Nekoye akapata kazi. Shule ya watoto pale karibu ilimkubali awe akibeba wanafunzi asubuhi na jioni, mradi gari lipite inspeksheni kwanza. Muiruri alisikia habari hiyo akafurahi utadhani kazi ni yake.

"Becky naye ataingia," akamwambia mkewe. "Nimeshaongea na Mama Dalmas. Kuanzia Jumatatu."

"Mtoto wangu anaweza kutembea."

"Atembee kwenye tope na jirani ana gari? Wewe una shida gani?"

Ijumaa, Nekoye akaja mlangoni mwenyewe. Alikuwa na woga wa kupimiwa gari, akataka mtu wa kumshika mkono. "Twende na wewe, Mama Becky," alisema. "Wewe ni kama dada yangu."

Walipitia kwa Odongo akakaza nati hapa na pale. "Itapita," akasema, "lakini jua kitu moja. Inspection inakuambia gari iko aje hiyo dakika. Ukishatoka kwa gate, hiyo ni story ingine."

Kituoni, gari likapandishwa juu ya rola. Vyuma vile vilizungusha magurudumu, mkaguzi akakanyaga breki, namba zikapanda kwenye skrini. Nekoye aliomba kwa sauti ndogo. Wangeci alisimama kando yake, amemshika mkono, na moyoni akasema lake. Breki zikatike. Zikatike mbele ya watu wote.

"Iko poa, mathe," mkaguzi akasema. "Breki kama mpya."

Nekoye alilia. Alimkumbatia Wangeci, akaibandika stika ya ukaguzi kwenye kioo, akaipangusa kwa ukingo wa leso. Wangeci alishindwa kuvumilia. Alisema anapitia sokoni, akapanda pikipiki peke yake, akashukia kwenye lami juu ya mtaa. Kutoka hapo hadi kwake ni mteremko, barabara ya marram isiyo na lami.

Alianza kuteremka. Alipofika langoni kwake alitaka kusimama.

Miguu haikusimama.

Alijaribu kuikaza. Ikaendelea. Ilipita lango, ikapita duka, ikaongeza mwendo. "Mama Becky, unakimbilia wapi?" mwenye duka akauliza. Wangeci alikuwa ameshapita. Alishika tawi la ua, likakatika. Alishika lingine, likamchana mkono. Mwisho aligonga ukuta wa mabati wa kanisa, akaanguka, na hata akiwa chini miguu ilikuwa bado inatembea.

Ndipo akaelewa. Kila kilichoshika gari kilimshika na yeye. Breki zilikuwa zimeanza kukatika kama alivyotaka. Zimeanza baada ya mashine kusema ni nzima. Sasa gari lina stika, na Jumatatu litajaa watoto.

Alijikokota hadi kwa Nekoye, akishikilia ua.

"Mama Dalmas," akanong'ona. "Usiendeshe hiyo gari Jumatatu. Breki si nzuri."

Nekoye alikuwa akishona vifuniko vya viti. Akaweka sindano chini. "Si ulikuwa hapo ikipimwa?"

"Mashine imekosea."

"Nimetoka nayo huko mpaka hapa. Imeshika vizuri."

"Nakuambia usiendeshe."

Nekoye alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini kitu changu kikienda mbele, wewe unataka kiwe kimeharibika?"

Pale ndipo alipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: ni mimi niliyelilaani. Lakini kumwambia nani? Mwanamke wa kuomba chumvi? Ulimi ulikuwa mzito, na fahari ikauzidi uzito. Wangeci aligeuka akaenda zake. Angemzuia Becky nyumbani, basi. Kuhusu Dalmas na wale watoto wengine, hakuruhusu mawazo yake yafike huko.

Jumatatu palikuwa na ukungu. Wangeci alimwacha Becky kitandani, akamwambia leo yeye ni mgonjwa, akatoka kuchukua maziwa kwa jirani wa nyuma. Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Muiruri alikuwa mezani na chai yake.

"Becky yuko wapi?"

"Nimempandisha kwa gari. Mgonjwa wa wapi? Ameruka akicheka."

Maziwa yalimwagika. Wangeci alikuwa ameshatoka.

Gari lilikuwa limepanda juu kumchukua mtoto wa mwisho. Alilisikia kabla ya kuliona. Kong. Kong. Linateremka. Halafu honi. Honi ndefu, isiyokoma.

Alikimbia hadi kwenye ile barabara nyembamba mbele ya lango. Miguu isiyo na breki ikamfikisha mapema. Alishika mti wa lango kwa mkono wa kushoto ili asipite.

Taa zikatokea kwenye ukungu. Moja nyeupe. Moja imefifia.

Alimwona Nekoye amesimamia breki kwa miguu yote miwili. Nyuma yake, watoto. Dalmas. Na dirishani, Becky, amebandika uso kwenye kioo, anatabasamu. Alifikiri mama amekuja kumpungia mkono.

Wangeci aliinua kiganja cha kulia.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Mama Dalmas, ni mimi nililisemea vibaya! Siku ya maombi! Mimi!"

Gari halikupunguza.

"Mfikishe," akanong'ona. "Tafadhali. Mfikishe."

Kiganja kikagusa boneti. Kikaingia mahali pake, pale pale kwenye ile alama, kidole kwa kidole.

Gari likasimama.

Halikuburuta magurudumu, wala halikumsukuma hata kidogo. Lilisimama kama lililokuwa limeegeshwa pale tangu jana. Watoto hawakuyumba vitini. Chupa ya maji iliyokuwa juu ya dashibodi haikuanguka.

Nekoye alishuka akamtazama Wangeci. Alikuwa amesikia. Alijaribu kumwondoa pale, lakini mkono haukutoka kwenye bati. Ilibidi aubandue kidole kimoja kimoja. Ulipotoka, Becky aliyekuwa ameshuka akaugeuza autazame, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema, "mistari ya mkono wako imeenda wapi?"

Kiganja kilikuwa laini kabisa, tena baridi kama bati. Tangu siku hiyo kikawa hakikunjiki.

Odongo alikuja mchana akalala chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa kavu, hata tone hakuna.

"Sasa hii ilisimamishwa na nini?" akauliza kutoka huko chini. Waliokuwepo walitazamana, kila mmoja akakumbuka ana kazi kwake.

Nekoye hakumshtaki Wangeci kwa mtu. Hakumsamehe pia. Salamu zao zilibaki za juu ya ua, fupi. Gari alilipaka rangi upya, na asubuhi ya pili alama ikawa imerudi, kona ile ile. Akaliuza kwa mfanyabiashara wa viazi wa Molo, mtu asiyeamini mambo hayo. Na cha ajabu, gari likapona. Bushi haziliki, gia hailegei, taa ni nyeupe. Maradhi yote yalibaki na Wangeci. Magoti yanalia akipanda ngazi ya kanisa. Jicho la kulia lina ukungu. Akiteremka barabara hushika ua wa kila nyumba, na watoto wa mtaa wanamwiga.

Angeweza kuishi na hayo. Alikuwa na Becky, mzima, akikua. Alijiambia hivyo kila siku.

Kisha jioni moja Nekoye alikuwa akiongea na mtu kwa simu upande wa pili wa ua, akicheka. Ilikuwa yule wa Molo. "Ati imepita inspeksheni tena?" Nekoye alisema. "Na umenunua lori pia? Na nyumba? Bwana, hiyo gari imekubeba kweli!"

Wangeci alikuwa akianua nguo. Alisimama na sare ya Becky mkononi. Gari lake, la rangi yake. Maumivu yote anayabeba yeye, na neema anakula mtu wa Molo asiyemjua. Roho ikamchoma vile vile kama Jumamosi ile. Hakusema kitu. Hakusogeza hata midomo. Alihisi tu.

Asubuhi Muiruri alimwamsha kwa kumtikisa bega.

"Wewe," alisema, akiutazama mkono wa mkewe juu ya shuka. "Ulitoka usiku?"

Kile kiganja kisichokunjika kilikuwa kimekunjwa ngumi. Wakakifungua pamoja, kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na udongo mweusi wa Molo, bado mbichi, na vipande vidogo vya kioo cha gari. Kiganja kilikuwa na joto, kama boneti ya gari lililozimwa sasa hivi.

Ng'ambo ya ua, simu ya Nekoye ikaanza kuita.