Pumzi ya Silinda ya Tatu

Sosthène alilisikia gari kabla halijaingia gereji. Alisimama na kikombe cha chai mkononi, akahesabu mapigo ya injini: tu, kimya, tu, tu. Katika kila manne, moja lilikosekana.

Ilikuwa Januari, asubuhi ya baridi ile ya Minnesota inayogandisha hata unyevu wa puani. Sosthène, Mkongo wa Uvira, alikuwa na miaka sita katika gereji hiyo ya mtaa wa Frogtown, na injini zinazotetemeka ndizo zilizomlisha.

"Fundi, hii gari inatetemeka kama mtu ako na malaria," alisema mwenye gari akishuka. Jina lake Philister, Mkenya wa makamo, bado amevaa sare yake ya buluu. Alikuwa ametoka zamu katika nyumba ya wazee kule Bloomington, njiani kurudi kwake Blaine. "Nikiendesha iko sawa. Nikisimama kwa taa, inaanza."

"Tangu lini, mama?"

"Alhamisi." Akajishika kifua. "Na hata mimi sijiskii poa tangu hiyo siku."

Sosthène hakulitia maanani neno hilo. Alimpa kiti karibu na hita, akachomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani. Ikamwambia silinda ya tatu haichomi mafuta. Basi akaitoa koili ya tatu, ile inayoipa plagi cheche, akaihamishia silinda ya kwanza. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa utahama nayo. Haukuhama. Akatia plagi mpya. Wapi! Akapima mgandamizo, silinda zote zikawa na nguvu sawa. Akatafuta mpira wa hewa uliopasuka, asiuone.

Ikabaki injekta, kile kidude kinachonyunyiza petroli ndani ya silinda. Akawasha injini, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injekta ya tatu na mpini akautia sikioni, kama mafundi wafanyavyo wanapotaka kusikia kama inabofya.

Hakusikia mbofyo. Alisikia mtu akivuta pumzi.

Ilikuwa pumzi nzito, yenye makamasi, ya mgonjwa wa siku nyingi. Sosthène akaitupa bisibisi. Harufu iliyopanda kutoka kwenye injini haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya dawa za hospitali na maua yaliyooza ndani ya maji.

"Kuna nini?" Philister aliuliza.

"Hakuna kitu, mama." Sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

Lilibaki jaribio moja. Injini ikiwa inanguruma, fundi huchomoa waya wa koili moja baada ya nyingine. Akichomoa ya silinda nzima, injini huyumba. Akichomoa ya silinda iliyokufa, hakibadiliki kitu. Alichomoa ya kwanza, injini ikayumba. Akairudisha. Ya pili, ikayumba. Akaruka hadi ya nne, maana ya tatu aliiogopa, nayo ikayumba. Kisha akachomoa ya tatu. Injini haikubadilika hata kidogo.

Nyuma yake kiti kilianguka.

Philister alikuwa chali sakafuni, macho wazi, kinywa wazi, na kifua hakiinuki, na Sosthène alipomwinua aliona midomo yake inageuka rangi ya majivu, akamlaza, akakimbilia usukani, akazima gari, akachomoa na ufunguo kabisa, akaushika mkononi akiutazama, na injini ikaendelea kunguruma vilevile bila ufunguo, tu, kimya, tu, tu, hadi akili yake ikamwambia jambo ambalo mtu mzima haliamini, akarudi mbio kwenye boneti na akaurudisha ule waya wa tatu mahali pake.

Philister alivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa majini.

"Usiguse tena," alinong'ona. "Nakuomba, usiguse."

Sosthène alimpigia simu Maman Vestine, mama wa maombi kanisani kwao, aliyekaa mitaa miwili kutoka hapo. Alifika na theluji mabegani. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi, kisha akapiga magoti karibu na Philister.

"Binti yangu, siku ya Alhamisi kulitokea nini?"

"Kuna mzee alikufa zamu yangu. Bibi Mzungu, hana mtu wake. Alinishika mkono akasema nisimwache." Philister alilia. "Nikamwambia sitakuacha. Ni kitu tunawaambianga tu, ndio waende na amani."

"Nani alisikia?"

"Hakuna. Tulikuwa wawili."

"Hamkukuwa wawili," Vestine alisema polepole. "Yule bibi amekwenda kwa Mungu. Neno lako limeokotwa na mwingine. Sasa ulirudishe."

"Nitasema aje?"

Kabla Vestine hajajibu, mtetemo wa injini ulibadilika, yale mapigo matatu na ukimya mmoja yakaanza kuvutana na kunyumbuka kama midomo inayotafuta herufi, mpaka kutoka chini ya boneti ikatoka sauti ya kikongwe, laini, ya kubembeleza, ikimwita Philister kwa jina na kumsihi asimwache, na ilimsihi kwa Kijaluo safi, lugha ya kwao Philister, ambayo bibi yule Mzungu hakuwahi kuisikia maishani mwake. Hapo ndipo Philister alipojua kwamba huyo siye yule bibi. Alisimama kwa kumshikilia Vestine, huku pumzi zikimkatika.

"Si wewe nilikuahidi," alisema. "Nimekuacha. Kwa jina la Yesu, nimekuacha!"

Injini ilizimika. Harufu ikakatika. Philister akavuta pumzi moja ndefu, na nyingine, na nyingine, akiwa kamshika Vestine asimwachie.

"Limemtoka mama," Vestine alimwambia Sosthène mlangoni. "Lakini kwenye limekwenda, sikuona. Hii motokari isiwake tena."

Philister hakutaka hata kuliona gari lake. Walilisukuma nje, likakaa siku tatu kwenye theluji, milango imefungwa. Siku ya nne, saa sita mchana, jua likiwaka juu ya barafu, likaja gari la kuvuta mabovu. Dereva alishuka, akalizunguka lile gari, kisha akaingia ofisini akipangusa buti.

"Siwezi kulivuta na mtu ndani," alisema. "Mwambie yule bibi ashuke."

Sosthène aliweka kalamu chini. "Bibi gani?"

"Aliyekaa kiti cha nyuma. Mzee sana, anaongea kwa shida." Dereva alivua kofia. "Nimemwomba atoke, hataki. Anasema anamngoja fundi aliyemrudishia pumzi."