Majani Yaliyokatwakatwa

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana waliyemwita Chapuchapu aliingia chumba cha viwavi wa hariri, akasafisha trei, kisha akawatandikia viwavi majani mapya ya mforsadi. Kazi ya kaka yake ilikuwa kuleta majani hayo kutoka shamba la bondeni. Shangazi yao, mwenye viwavi, alikuwa amemwahidi Chapuchapu rafu nzima iwe yake msimu ujao.

Siku hiyo shangazi alikuwa akivuna vifuko, zile nyumba za nyuzi ambazo kiwavi hujifumia. Alibonyeza kimoja, kikabonyea. Cha pili nacho vilevile.

"Vyepesi kama maganda ya vitunguu," alisema. "Umekuwa ukiwalaza njaa. Rafu sahau. Nitamtafuta mwingine wa kuwalisha."

"Shangazi, sijakosa kuwalisha hata siku moja."

"Kwa hiyo wamekonda kwa kupenda?"

Chapuchapu alitoka nje. Uamke alfajiri, ufagie, ulishe, halafu uitwe mvivu! Haki iko wapi hapo? Na kaka mtu kaegemea mlango kana kwamba hayamhusu.

Mlishaji mwingine alikuwa bado hajapatikana, na kundi jipya la viwavi lilipoanza kunenepa mikononi mwake, hasira ilimfumbua macho. Majani bado yaliletwa yamekatwakatwa. Lakini viwavi wachanga tu ndio hukatiwa majani; wakubwa hupewa jani zima. Kaka alikuwa akificha nini? Chapuchapu alikwenda kwenye ua wa njiani, hatua chache kutoka nyumbani, penye miforsadi ya majani madogo na magumu. Matawi yalikuwa yamenyolewa majani.

Aligawa viwavi wa umri mmoja katika trei mbili. Moja aliilisha majani ya ua, nyingine majani mapana na laini aliyoyachuma mwenyewe bondeni. Chumba kimoja, saa zilezile, mkono uleule. Viwavi wa majani mapana walitangulia kufuma kwa siku mbili. Wale wengine walijikongoja, na vifuko vyao vikatoka vyembamba.

Aliziweka trei mbele ya shangazi. "Bonyeza mwenyewe, halafu uniambie nani aliwalaza njaa."

Shangazi alibonyeza, kisha akamwita kaka. "Majani ulikuwa ukiyatoa wapi?"

"Kwenye ua wa njiani. Bondeni ni mbali," kaka alisema akitazama chini. "Nilidhani mforsadi ni mforsadi tu."

"Ungedhani hivyo, usingeyakata ili tusiyatambue," Chapuchapu alimjibu.

"Jani gumu lina lishe kidogo, na hariri inayotoka ni kidogo," shangazi alisema. "Kuanzia leo utachuma bondeni, na kusafisha trei ni juu yako. Mdogo wako ana rafu yake ya kuangalia."

Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Nimekuonea, mwanangu, tena mbele ya mtu aliyejua ukweli. Nisamehe. Ningechunguza kabla ya kulaumu, mkosaji asingepata pa kujificha."