Nyuki Chini ya Giaboksi

Jumanne, saa saba mchana, lori la tumbaku lilisimama msituni kati ya Ipole na Sikonge, pale barabara inapofuata mapito ya misafara ya zamani. Dereva wa lori aliona pikapu ya kikundi cha wafuga nyuki wa Ipole pembeni, mlango mmoja wazi. Mzee Luhende, mmoja wa wafuga nyuki hao, alikuwa amelala majanini, kichwa kimepasuliwa. Dismasi, dereva wa pikapu, alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa kofia, kana kwamba mzee alikuwa anasikia joto tu.

"Tulitoka Ipole kwenda Tabora, taa ya giaboksi ikawaka," Dismasi aliwaambia polisi. "Gari likang'ang'ania gia moja. Nikasimama, nikaenda mbele kutafuta mtandao nimpigie fundi. Niliporudi..."

Chini ya giaboksi polisi walikuta waya mmoja umechomoka. Wakasema aliuchomoa mwenyewe ili apate kisingizio. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa mauaji.

Ijumaa, saa nane mchana, Sajini Leonia aliagiza gari hilo livutwe hadi gereji ya Hafsa, mtaa wa Kanyenye, Tabora. Hafsa alikuwa fundi umeme wa magari, mwaka wa pili tangu amalize chuo.

"Wakubwa wanataka kufunga faili," alisema Leonia. "Lakini yule kijana alikuwa anampepea maiti, Hafsa. Muuaji anapepea?"

"Labda anaigiza, afande."

"Labda. Ndiyo maana nimekuletea gari."

Leonia alipoondoka, Hafsa alichomeka mashine ya kupimia. Kosa lilikuwa moja tu: sensa ya presha ya oili ya giaboksi. Kifaa hicho kidogo huiambia kompyuta ya gari kama presha inatosha. Kikinyamaza, kompyuta huogopa, huwasha taa na kulifunga gari kwenye gia moja. Mashine ilionyesha pia hali ya gari sensa iliponyamaza: mwendo kilomita hamsini na nane kwa saa, joto la oili nyuzi sabini na nane.

Hafsa alisoma tena. Hakuna dereva anayeingia chini ya gari linalokwenda mwendo huo. Waya ulichomoka wenyewe, Dismasi akiwa ameshika usukani.

Alijilaza chini ya gari na tochi. Nyuki watatu walikuwa wanatembea juu ya plagi ya sensa. Aliwapuliza taratibu. Kishikizo cha waya kilikuwa kimefunguliwa kwa kitu chenye ncha, na chini yake tone la nta lilikuwa limeganda. Alilinusa.

Bila kutoka chini ya gari, alimpigia Leonia. "Mtu alilegeza waya akaubandika kwa nta. Giaboksi ilipopata moto nta ikayeyuka, waya ukaanguka."

"Basi ni fundi Nurdini. Yeye ndiye aliyebadilisha oili mwezi uliopita."

"Tangu hapo gari limekuja Tabora mara ngapi?"

"Mara nne."

"Nta ingeyeyuka safari ya kwanza. Hii ilibandikwa asubuhi ileile, Ipole. Na inanukia mchaichai, afande."

Leonia alikuwa mzaliwa wa Ipole. "Kila mfuga nyuki kule ana chambo chake cha nta cha kupaka mzinga mpya ili nyuki waje. Hawapeani siri hata ndugu. Wa mchaichai ni mmoja tu, mwenyekiti wa kikundi, Kasimiri. Funga geti. Nakuja."

Hafsa hakuwahi. Geti la mabati lilifungwa, na si yeye aliyelifunga. Buti mbili zilikuja zikasimama karibu na uso wake.

"Hodi, binti."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni Kasimiri, mwenyekiti. Nimefuata gari letu."

Nyuki mmoja aliacha plagi, akaruka, akatua kwenye mfuko wa koti lake. Wa pili akamfuata. Kasimiri hakuwafukuza. Alichuchumaa polepole, akaangalia walikotoka. Mkononi alikuwa ameshika nondo ya gereji.

"Wanapenda chambo changu," alisema. "Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Chuo."

"Basi una akili ya kutosha ya kusahau."

Hafsa alijisogeza ndani zaidi chini ya gari. "Mzee Luhende alikukosea nini?"

"Alinifundisha kutundika mzinga." Sauti ya Kasimiri ilikwaruza. "Akanikuta na wapasua mbao, tumeangusha miti yenye mizinga yake. Akasema anakwenda Tabora kunishitaki. Nilimpigia magoti. Akasema miti haina wa kuisemea."

"Ulijuaje Dismasi angesimama?"

"Kanuni ya kikundi ya kusimama taa ikiwaka niliiandika mimi. Yule ni mtiifu mno. Pikipiki yangu ilikuwa nyuma yao."

Alimshika Hafsa mkono, akavuta.

Geti lilipigwa teke, likafunguka. "Weka chini hiyo nondo, mzee," alisema Leonia, askari wawili nyuma yake. "Mabati hayazuii sauti."

Jumamosi asubuhi, baada ya kuachiwa, Dismasi alikuja gereji, mabega yameshuka.

"Dada, nieleze ukweli. Kule mahabusu nilianza kujitilia shaka. Taa iliwaka kweli? Au nilimwacha mzee peke yake bure?"

Hafsa alimgeuzia mashine. "Iliwaka, kaka. Hii hapa."

Dismasi aliweka kidole juu ya ule mstari wa kosa la sensa, akakiacha hapo muda mrefu.