Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Kila alasiri akirudi kutoka chuo cha Kurani, Rukaiya huvua buibui lake, huwaamkia wakubwa, akanywa maji, kisha hupanda ngazi mbio hadi chumba cha juu. Humo ndimo yeye na rafiki yake Kinjal, wa ghorofa ya chini, walimoiweka kompyuta yao.

Ilikuwa yao kwa haki, maana waliiunda kwa mikono yao. Sanduku walilipata kwa fundi mmoja wa Darajani. Skrini walipewa na baba yake Kinjal, mwenye duka la vitambaa hapo chini ya nyumba. Vilivyobaki vililetwa na shangazi yake Rukaiya, Bi Thuwaiba, ambaye hufundisha kompyuta chuo kikuu huko Tunguu. Likizo nzima wasichana hao walikaa sakafuni na bisibisi, wakifunga na kufungua, mpaka ikawaka.

Alhamisi moja Rukaiya alibonyeza kitufe kama kawaida. Feni ilizunguka, taa ndogo ya kijani ikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Mambo yakawa yale yale. Jumamosi skuli yao ilikuwa na maonesho, na kazi yao yote imo humo ndani: ramani ya Mji Mkongwe ambayo ukibofya mtaa, unasikia sauti ya mzee wa mtaa huo akisimulia habari zake.

Hapo ndipo alipogundua kwamba sanduku halikuwa sakafuni pake. Lilikuwa juu ya meza. Alimwita Kinjal, naye akapanda.

"Kinjal, nani kaihamisha kompyuta?"

"Mimi. Jana jioni mvua iliponyesha nilikuja kuchukua flashi yangu, nikaona maji yanadondoka karibu nayo. Nikaiweka mezani."

"Basi umeiharibu. Umeigonga mahali."

"Sikuigonga, Rukaiya. Niliibeba kama mtoto mchanga."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa wewe."

Kinjal alimtazama, midomo ikimtetemeka. Aligeuka, akateremka ngazi bila kuaga.

Shangazi Thuwaiba aliporudi kazini alimkuta Rukaiya kajikunyata pembeni mwa meza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Rukaiya alimweleza yote, hata lile la Kinjal. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umejuaje kuwa ni yeye?"

"Yeye ndiye wa mwisho kuigusa."

"Hiyo ni dhana. Mimi nnataka kuona. Hebu tuanze mwanzo, kitu kimoja kimoja."

Kwanza walichomeka taa ya mezani kwenye soketi ile ile. Ikawaka, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Kisha shangazi alitoa kompyuta yake ndogo ya mkobani, akaiunganisha na skrini yao kwa waya ule ule. Picha ikatokea mara moja.

"Skrini nzima, na waya mzima," alisema. "Ugonjwa umo ndani ya sanduku. Tukishasali, chomoa umeme, ufungue ubavu, utazame kama kila kitu kimekaa mahali pake. Usilazimishe kitu."

Baada ya sala ya Magharibi shangazi alishuka jikoni, na Rukaiya akafungua sanduku, akamulika kwa tochi ya simu. Alipita waya kwa waya. Alipofika kwenye RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, mkono wake ulisita. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo, na kibanio chake kilikuwa wazi.

Hapo akakumbuka. Jana mchana, kabla ya mvua, aliona chokaa ya dari imeingia ndani ya sanduku kupitia matundu yake, akalifungua. Alikitoa kibao hicho akakipangusa. Mama akamwita, naye akaitika "Naam", akakirudisha harakaharaka na kufunga. Kibanio hakikufunguka kwa kubebwa na Kinjal. Hakikuwa kimefungwa tangu mwanzo.

Aliweka kidole juu ya kibao. Angekibonyeza tu, mambo yangekwisha. Hakuna aliyemwona. Angesema imepona yenyewe, na lawama ingebaki kwa Kinjal. Uso wa rafiki yake ulimjia, na ile midomo iliyotetemeka. Aliondoa kidole, akateremka kwa kina Kinjal.

"Twende juu, nataka uone kitu," alimwambia.

"Ili useme nimeharibu na kingine?"

"Hapana. Aliyeharibu ni mimi. Nilitoa RAM kuipangusa, nikairudisha vibaya. Nimekusingizia. Nisamehe, Kinjal."

"Nilikasirika sana," alisema Kinjal. "Siku nyingine uniulize kwanza kabla hujanihukumu."

"Nitakuuliza."

Walipanda pamoja, wakamkuta shangazi keshafika na sinia la chai. Rukaiya akarudia maneno yale yale mbele yake, bila kujitetea.

"Basi kibonyeze wewe, Kinjal," alisema shangazi.

Kinjal alikibonyeza kibao taratibu mpaka kibanio kikalia *ta*. Rukaiya akachomeka umeme, akawasha. Skrini iliangaza, na ramani yao ikawa pale pale walipoiacha. Wasichana walitazamana, wakacheka.

"Fundi mzuri hakisii," shangazi alisema huku akimimina chai. "Hupima kitu kimoja, akaenda kingine, mpaka kosa lijitokeze lenyewe. Na kwa watu ni hivyo hivyo. Kabla hujamtupia mwenzako lawama, jichunguze wewe mwenyewe kwanza. Leo ulikosea, Rukaiya, lakini ulipoona kosa ni lako hukulificha, ingawa hapakuwa na mtu wa kukuona. Hilo limenifurahisha kuliko skrini kuwaka."

Kinjal alisogea, akampisha Rukaiya kwenye kiti. Wakaanza kuisikiliza ramani yao, mtaa baada ya mtaa, kuijaribu kwa ajili ya Jumamosi.